Tom Morris, fundi wa gofu

Kila nitokapo Pumwani nikapita Kamukunji na kusikia nyundo za mafundi, humkumbuka Tom Morris wa Uskochi. Alizaliwa St Andrews mwaka 1821, akawa mwanagenzi wa Allan Robertson, akishona mipira ya gofu ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya. Ikatokea mipira ya utomvu wa miti ya Malaya, rahisi tena imara. Tom akaichezea; mwalimu wake akaghadhibika, wakaachana. Mwaka 1851 akahamia Prestwick kutunza uwanja na kuunda fimbo na mipira. Kati ya 1861 na 1867 akatwaa ubingwa wa Uingereza mara 4. Robertson naye, mwishowe, aliitengeneza mipira ile ile. Tom alifariki mwaka 1908. Nami nasema: mwalimu ni wa kuheshimiwa, lakini kazi haimngoji mtu.