Daktari Denis Burkitt na Ugali wa Dona

Ninapenda kuwapa habari za daktari mmoja aliyepata elimu kubwa kutokana na vyakula vya shamba, mfano wa vile vinavyopikwa kwetu Mlingotini.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Hata hivyo hakukata tamaa, akasoma mpaka akawa daktari mpasuaji. Mwaka wa 1946 alikwenda Uganda, akafanya kazi Lira na kisha Mulago, Kampala. Huko alichunguza saratani iliyokuwa ikivimbisha taya za watoto. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kuukuu maili 10,000, wakapita Tanganyika mpaka Afrika Kusini, wakiulizia ugonjwa huo hospitali hata hospitali. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake.

Mwaka wa 1966 alirudi Uingereza. Aliona wodi zimejaa maradhi ya utumbo mpana ambayo Uganda aliyaona kwa nadra sana. Akajiuliza sababu. Basi yeye na wenzake wakawapa watu vidonge vidogo visivyoyeyuka wavimeze, kisha wakahesabu saa mpaka vilipotoka. Majibu yalitolewa mwaka wa 1972. Kwa wanavijiji wa Uganda vilitoka baada ya siku moja na nusu hivi. Kwa wanafunzi wa bweni wa Uingereza, vijana kama sisi, vilichukua zaidi ya siku tatu. Tofauti kubwa ilikuwa nyuzinyuzi, yaani makapi ya chakula yasiyosagika tumboni.

Burkitt alifariki mwaka wa 1993. Maradhi hayo yana sababu nyingine pia, kama vile umri na urithi. Lakini sasa wataalamu wamejua kwamba vijidudu vya utumboni hula nyuzinyuzi na kutoa asidi inayolisha ukuta wa utumbo. Ukuta huo ni kama boma: hupitisha maji na huzuia sumu isiingie katika damu. Katika panya imeonekana kwamba vijidudu hivyo vikikosa nyuzinyuzi hugeuka na kula ute unaolinda boma lenyewe.

Nyumbani bibi yangu hutupikia kisamvu, kunde na muhogo. Nilipofika bwenini niliona dona ni chakula cha kimaskini. Nikawa nashiba maandazi ya dukani, hata nikakaa siku nne bila kupata choo, na nikaona haya kumwambia mtu.

Muhula huu baadhi yetu tumetia saini barua ya kuomba tupikiwe sembe badala ya dona. Jina langu ni la tatu. Kesho nitakwenda kwa kiranja wa chakula kuomba lifutwe. Wenzangu, fikirini nanyi.