Mafunzo ya Babu kwa Sayyidna Hassan (RA)



Wengi wenu mnamjua Sayyidna Hassan bin Ali (RA) kuwa ni mjukuu wa Mtume (SAW), basi. Alizaliwa Madina mwezi wa Ramadhani mwaka wa 3 Hijria (625), mtoto wa kwanza wa Bibi Fatma (RA). Imepokewa kwamba baba yake alitaka kumwita Harb, yaani vita, na babu yake akalibadilisha jina hilo akamwita Hassan, yaani mzuri.

Mtume (SAW) alifariki mwaka wa 11 Hijria (632). Kwa hiyo Hassan alimpata babu yake kwa miaka saba na miezi kadhaa tu. Ni umri wa wenzenu wanaokaa mkeka wa mbele na kusoma Juzuu Amma.

Msimu mmoja wa mavuno watu walileta tende za zaka mpaka zikawa rundo. Hassan alikuwa akicheza hapo, akaokota moja akaitia mdomoni. Babu gani wa mtaani kwetu angemnyima mjukuu wake tende moja? Hata mtu mmoja aliyekuwapo aliuliza ingedhuru nini akiachiwa. Mtume (SAW) aliitoa tende mdomoni ikiwa na mate yake, akairudisha kwenye rundo, kisha akamfahamisha kwamba sadaka si halali kwa watu wa nyumba ya Muhammad. Katika mapokezi hayo hatukuona kofi wala tusi. Mtoto alielezwa sababu kama anavyoelezwa mtu mzima. Sisi walimu wenye haraka ya bakora tumeyasoma hayo zaidi ya mara moja.

Na babu huyo huyo ndiye aliyembusu mbele ya bedui mwenye watoto kumi ambaye hajapata kumbusu hata mmoja, akamwambia kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Ndiye aliyemfundisha dua ya kunuti ya witri. Siku moja alipanda naye mimbari, akatabiri kwamba huenda Mwenyezi Mungu akayapatanisha kwa mtoto huyu makundi mawili makubwa ya Waislamu.

Miaka ikapita. Sayyidna Ali (RA) alipouawa mwaka wa 40 Hijria (661), watu wa Kufa walimpa Hassan baia. Alikuwa na jeshi, na Muawiya alikuwa analo lake kutoka Sham. Baada ya miezi sita hivi Hassan aliuacha ukhalifa ili damu isimwagike. Msidhani lilikuwa jambo jepesi. Watu wa upande wake mwenyewe walimlaumu, wakamwambia amewadhalilisha waumini; mmoja wao alimjeruhi pajani. Naye hakurudi nyuma. Mwaka ule wa 41 Hijria ukaitwa Mwaka wa Jamaa.

Alirejea Madina, akafariki huko kiasi cha mwaka wa 50 Hijria (670), akazikwa Baqii.

Alipokuwa mtu mzima, mtu mmoja alimuuliza anakumbuka nini kutoka kwa babu yake. Alitaja kwamba alifundishwa kuacha lenye shaka na kushika lisilo na shaka. Kisha akasimulia habari ya ile tende.