Johannes Kepler, Mwalimu Aliyeheshimu Vipimo

Sisi walimu tumezoea kulifuta jibu lisilolingana na kanuni. Maisha ya Johannes Kepler yanatuonya tusifanye haraka.

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1571, huko Weil der Stadt, Ujerumani. Mwaka 1594 alianza kufundisha hisabati katika shule moja mjini Graz, Austria. Mwaka 1600 alikwenda karibu na Prague kufanya kazi na Tycho Brahe, bingwa aliyekuwa amepima mahali pa sayari kwa miaka mingi bila darubini. Brahe alipofariki mwaka 1601, vipimo vyake vilibaki mikononi mwa Kepler. Kila kipimo kilikuwa na kasoro ndogo. Hata hivyo, ilimpasa Kepler kupata humo kanuni ya mwendo wa sayari ya Mirihi.

Kwanza alichukua mzunguko wa duara. Hesabu zake zilikubaliana na vipimo vingi, lakini penginepo zilipishana navyo kwa dakika 8 za digrii, yaani kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Ingekuwa rahisi kumlaumu Brahe. Lakini Kepler alijua kwamba kasoro za Brahe kwa kawaida zilikuwa ndogo kuliko hizo. Basi kosa lilikuwa katika kanuni. Aliiacha kazi yake ngumu, akaanza upya, hata akatambua kwamba njia ya Mirihi ni duaradufu. Alitangaza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1609. Alifariki tarehe 15 Novemba, 1630, mjini Regensburg.

Tuchukue mfano wa darasa la sita huko Kibakwe. Alasiri wanafunzi wanapima vivuli vya fimbo za urefu mbalimbali, wakitafuta uwiano wa fimbo na kivuli. Vipimo vikipishana kwa sentimita moja, mara juu mara chini, hiyo ni kasoro ya mkono na rula. Mstari mmoja uliochorwa katikati ya alama zote watosha. Lakini vivuli vilivyopimwa mwisho vikizidi uwiano huo, tena kwa kiasi kinachoongezeka, pana sababu: jua lilikuwa likishuka wakati wakipima. Mwalimu akizifuta namba hizo kwa kalamu nyekundu, amewanyima watoto ugunduzi wao.

Kwa hiyo, kabla ya kusahihisha, hatuna budi kujiuliza: kasoro ya kipimo chetu yaweza kufika kiasi gani? Tofauti ikivuka kiasi hicho, na tuichunguze pamoja na wanafunzi.