Ada Summers: Hakimu bila digrii ya sheria

Unadhani hakimu lazima awe wakili? Uingereza mambo ni tofauti. Kule raia wa kawaida huketi mahakamani na kuamua kesi bila mshahara, mshauri wa sheria akiwa kando.

Ada Summers hakuwa wakili. Alikuwa mjane wa Stalybridge, mji wa viwanda. Aliingia baraza la mji 1912, akawa meya 1919. Meya wa huko alikuwa hakimu moja kwa moja. Lakini mwanamke? Zii! Sheria ilikataa.

Desemba 23, 1919, sheria ikabadilishwa. Siku nane tu baadaye Ada akaketi kortini, hakimu wa kwanza mwanamke Uingereza.

Aliaga 1944. Leo zaidi ya nusu ya mahakimu hao wa kujitolea ni wanawake.