Mtoto Aliyeuzwa: Maisha ya Kasisi William Jones

Mwaka jana nilikuwa na tabia moja mbaya hapa bwenini. Nilimtuma maji kijana wa darasa la chini, na akichelewa nilimwita mtumwa wangu. Tulicheka sote, hata yeye. Siku hizi sicheki, na sababu ni hii.

Muhula wa pili walimu wetu watatu walikubaliana kutufundisha habari za utumwa kwa pamoja. Mwalimu wa Historia alichora ubaoni njia za misafara. Mwalimu wa Kiswahili alitusomea Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotoka mwaka 1934. Mwalimu wa Dini ndiye aliyetuletea habari za William Henry Jones, nami nikapewa kazi ya kuziandika.

Jones alikuwa Myao. Hilo jina la Kizungu silo alilopewa na mamake. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa. Waingereza wakamwokoa, lakini hakurudishwa kwao. Alipelekwa Bara Hindi, akasomeshwa na wamisheni mjini Nasik.

Mwaka 1864 alirudi Afrika na wenzake, Ishmael Semler na George David. Walifika Rabai kumsaidia Johannes Rebmann, yule aliyeuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848 baada ya kupita huku kwetu Taita.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwafanya Jones na Semler kuwa mashemasi. Mwezi wa Julai Askofu na Jones wakafunga safari ya Buganda. Walipofika mahali panapoitwa leo Mumias, Askofu alitangulia na watu wapatao 50, akamwachia Jones msafara uliobaki. Kumbe ndiyo kwaheri! Askofu aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Jones akawaongoza wapagazi mpaka Rabai, wakafika Februari 1886. Hebu fikiri: mtoto aliyefikishwa pwani kama bidhaa sasa ndiye mkuu wa msafara.

Lakini mimi nampendea jambo lingine. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, na Jones aliwapokea. Wenyewe waliokuwa wakiwamiliki walikasirika, wakatishia vita. Baadhi ya Wazungu walimlaumu kwa kuwaletea matata. Mwishowe George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Waingereza, aliwalipa mabwana hao fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400, wa Rabai na misheni za jirani, walipewa vyeti vya uhuru. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907 tu.

Basi mwenzetu mmoja akauliza darasani: hayo ni mambo ya pwani na Nyasa, sisi wa Mwanda yanatuhusu nini? Walimu walitazamana. Mwalimu wa Historia akatuambia tukifunga shule tuwaulize wazee habari za Mwakisenge.

Nilimwuliza nyanya jioni, tukiwa tumekaa mekoni. Aliacha kuchochea moto. Akanieleza kwamba Mwakisenge ni ile njaa ya mwaka 1884 na 1885, iliyowaua Wataita wengi. Wazazi wengine waliwaweka watoto wao rehani kwa majirani ili wapate chakula. Wako waliokombolewa, na wako waliopotea moja kwa moja. Katika ukoo wetu pia aliachwa msichana mmoja. Nikamwuliza aliitwa nani. Nyanya akasema jina lake hakuna anayelikumbuka.

Usiku ule sikupata usingizi vizuri.

Waswahili husema mdharau kwao mtumwa. Mimi nilikuwa nikilidharau neno lenyewe, nisijue kwamba limepita nyumbani kwetu. Shule ilipofunguliwa nilichukua ndoo, nikaenda kuchota maji mwenyewe. Na yule kijana nilimwomba radhi. Sasa namwita kwa jina lake.