Munganga Ward na mvua ya ndani ya chupa

Nathaniel Ward alizaliwa mwaka 1791. Alikuwa munganga mashariki mwa London, karibu na bandari, lakini roho yake ilikuwa kwa mimea. Alipanda kangaga uani, zikakufa zote: moshi wa makaa ya mawe ulizimaliza.

Mwaka 1829 aliweka mdudu ndani ya chupa yenye udongo wa majimaji, akaifunga, angoje tu atoke kipepeo wa usiku (nondo). Kumbe kwenye udongo kukaota kangaga na nyasi! Mchana joto linapandisha mvuke, mvuke unashika kioo, unateremka tena kama mvua. Mimea hiyo iliishi karibu miaka 4 bila kumwagiliwa, mpaka kifuniko kikaoza kwa kutu.

Mwaka 1833 alituma masanduku ya kioo kwa meli hadi Sydney, na mimea ikafika mizima. Baadaye masanduku ya namna hiyo yalibeba chai kutoka China hadi India, na pia kinkina, mti wa kinini ambao wazee wetu wa Kivu wanaujua vizuri. Ward alikufa mwaka 1868.

Mwalimu, wewe pia unaweza kufanya hivyo darasani: chupa inayoonyesha ndani, changarawe, udongo, mche mdogo, maji kidogo sana, kifuniko. Usiiache kwenye jua kali, mche utaiva kama sombe. Kesho asubuhi uliza watoto yale matone ya kwenye kioo yametoka wapi.