Luigi Broglio na Neno la Kiswahili katika Orodha za Wanafalaki

Katika orodha wanazozitumia wanafalaki kote duniani, mna nyota ambazo majina yake huanza kwa tarakimu 4 na herufi U. Herufi hiyo ni kifupisho cha neno Uhuru, neno letu la Kiswahili. Makala haya yanamwangazia mtu ambaye, pasipo juhudi zake, neno hilo lisingalifika huko: Luigi Broglio, mhandisi wa Kiitalia aliyeigeuza pwani ya Kenya kuwa bandari ya kwendea angani.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 mjini Mestre, karibu na Venice. Alisomea uhandisi mjini Roma, akahitimu mwaka 1934, kisha akajiunga na Jeshi la Anga ambamo hatimaye alifikia cheo cha jenerali. Mwaka 1952 alimrithi Gaetano Arturo Crocco katika uongozi wa Shule ya Uhandisi wa Anga ya Chuo Kikuu cha Roma.

Mwaka 1961, mwaka ambao Yuri Gagarin alikuwa binadamu wa kwanza kuizunguka Dunia, Broglio aliishawishi serikali ya Amintore Fanfani iukubali mradi alioupa jina la San Marco, yaani Marko Mtakatifu, msimamizi wa jiji la Venice. Mwaka uliofuata Italia na Marekani zilitia sahihi mkataba. Wamarekani wangetoa roketi za Scout na mafunzo. Waitalia wangeunda setilaiti na kuzirusha wenyewe.

Kwa nini Kenya? Ieleweke kwamba Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na kwenye Ikweta mzunguko huo una kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Sisi tunaosomea baina ya Ruiru na Thika, kiasi cha digrii moja tu kusini mwa Ikweta, hubebwa kwa kasi hiyo hata tukiwa tumelala. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bure, nayo huhitaji kufikia takriban kilomita 28,000 kwa saa ili isianguke. Hata hivyo, Thika haiwezi kurusha roketi, kwa sababu mabaki yake yangewaangukia watu. Huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, upande wa mashariki ni bahari tupu. Broglio alisimamisha majukwaa yake mawili, Santa Rita na San Marco, ndani ya maji ya Ghuba ya Ungwana.

Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa na Waitalia kutoka Marekani tarehe 15 Desemba 1964. Ya pili iliondoka Ngomeni tarehe 26 Aprili 1967, siku mbili tu baada ya mwanaanga wa Kisovieti, Vladimir Komarov, kufariki chombo chake kilipogonga ardhi. Ndani ya setilaiti hiyo mlikuwa na mizani aliyoibuni Broglio mwenyewe. Mwezi, ulio umbali wa wastani wa kilomita 384,400, hauna hewa ya kuukwaza njiani. Lakini setilaiti iliyo kilomita mia chache juu yetu hupita katika hewa nyembamba mno, na hewa hiyo huipunguzia kasi hadi ishuke na kuungua. Broglio aliunda tufe jepesi lililoshikanishwa kwa mikono ya kunyumbuka na kiini kizito. Hewa ilipolisukuma tufe, kiini kilibaki nyuma ya msukumo huo, na tofauti hiyo ndogo ikapimwa.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, kikosi cha Broglio kilirusha setilaiti ya Kimarekani ya kuchunguza miale ya eksirei. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo, aliiita Uhuru. Njia yake haikuvuka digrii tatu hivi kaskazini au kusini mwa Ikweta, kwa hiyo ilipita karibu juu ya vichwa vya watu wa Thika na Ruiru mara nyingi kila siku. Iligundua mamia ya vyanzo vya miale hiyo, na orodha yake ya nne ina vyanzo 339. Aidha, ilisaidia kubainisha kwamba Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Yuko atakayesema kwamba roketi haikuwa yetu, mafundi hawakuwa wetu, na tulichotoa ni bahari na jina tu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini jina limedumu kuliko roketi.

Jumla ya setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni, ya mwisho ikiwa ya Machi 1988. Broglio aliendelea kutetea majukwaa yake hadi alipofariki mjini Roma tarehe 14 Januari 2001, na kituo hicho kikaja kupewa jina lake. Mnamo Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoundwa kwa ushirikiano na chuo kile kile cha Roma alikofundisha, iliachiliwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga.